Kunyoosha misuli kabla ya mchezo: kunaongeza nguvu au kunapunguza?

Pita uwanja wowote wa Pwani mwendo wa saa kumi za alasiri, uwe Tononoka, Makadara au kiwanja cha mchanga kule Kwale na Kilifi, utakuta jambo lile lile. Kabla mpira haujaguswa, vijana wamekaa duara, miguu wameinyoosha mbele, wanashika vidole vya miguu na kuhesabu kwa pamoja hadi thelathini. Wakimaliza mguu mmoja wanakwenda wa pili. Wengine hurudia mara tatu. Kisha husimama, hujipangusa vumbi, firimbi ikalia.

Ukimuuliza kocha kwa nini wanafanya hivyo, atakwambia ni ili misuli ilegee na wasiumie. Naye alifundishwa hivyo na kocha wake. Mazoea hujenga tabia, na tabia ikishakaa haiulizwi tena.

Mimi si daktari. Nina stashahada ya afya ya jamii, na jioni husaidia kufunza timu ya vijana wa mtaani kwetu. Swali hili naulizwa sana na wazazi na makocha wenzangu: kunyoosha misuli kabla ya mchezo kunaongeza nguvu au kunapunguza? Wataalamu wamelipima kwa zaidi ya miaka 25, kwa hivyo leo nimeona niyakusanye majibu yao mahali pamoja.

Jibu kwa ufupi ni hili. Ukinyoosha msuli na kuushikilia kwa muda mrefu, kisha papo hapo ukautaka utoe nguvu, utakupa nguvu kidogo kuliko kawaida yake. Ukinyoosha kwa muda mfupi, kisha ukaendelea kujipasha kwa mwendo, hupotezi kitu. Na ile kinga ya majeraha tunayoitafuta katika kunyoosha, kwa sehemu kubwa inapatikana kwingine.

Si jambo la wasomi peke yao. Kijana wa Likoni au Malindi huenda akapata siku moja tu ya majaribio ya klabu, au asubuhi moja ya kukimbia mbele ya maafisa wanaosajili makurutu. Hapewi nafasi ya pili. Na akichanika msuli, hana bima. Yule anayesukuma mkokoteni, anayeendesha bodaboda au anayekwenda baharini atakaa nyumbani wiki kadhaa bila ya kipato. Hizo dakika kumi na tano kabla ya mechi ni mali, na yafaa tujue tunazitumiaje.

Tuelewane maneno kwanza

Kunyoosha kuko kwa namna nyingi, na mabishano mengi barazani hutokea kwa sababu kila mtu anazungumzia yake.

Namna ya kwanza ni kunyoosha kwa kutulia. Unauvuta msuli hadi unapohisi umekaza, kisha unatulia hapo sekunde kadhaa bila kusogea. Ndiko kule kushika vidole vya miguu.

Ya pili ni kunyoosha kwa mwendo. Unaupeleka mguu mbele na nyuma kwa mpango, unapiga hatua ndefu za kushuka chini, unainua magoti, unazungusha nyonga. Msuli unafika mwisho wa safari yake na kurudi, haukai pale.

Ya tatu ni kunyoosha kwa kusaidiwa. Mwenzako anakusukuma mguu, wewe unamkatalia kwa kukaza msuli, kisha unalegeza naye anausukuma mbele zaidi. Hutumiwa sana na wataalamu wa tiba ya viungo.

Neno nguvu nalo lina sura mbili. Mchukuzi wa bandarini anayenyanyua gunia la kilo 50 anahitaji nguvu nyingi, lakini hana haraka. Mshambulizi anayeruka kupiga kichwa mpira wa kona anahitaji nguvu hiyo itoke kwa kasi, katika sehemu ndogo ya sekunde. Hii ya pili nitaiita nguvu za ghafla. Ndiyo inayomrusha kipa, inayomtoa mkimbiaji kwenye mstari na inayompeleka mbali mrusha mkuki.

Vipimo vinasema nini

Namna ya kupima ni rahisi kuielewa. Watu wanapimwa uwezo wao, kwa mashine ya miguu au kwa kuruka juu. Siku moja wananyoosha kabla ya kupimwa, siku nyingine hawanyooshi. Kisha matokeo ya siku hizo yanalinganishwa.

Mwaka wa 1998, watafiti wa Marekani wakiongozwa na Joke Kokkonen walipima uzito mkubwa kabisa ambao mtu anaweza kuusukuma mara moja kwa miguu. Baada ya kunyoosha kwa kutulia, nguvu za kukunja goti zilipungua kwa asilimia 7.3, na za kulinyoosha goti kwa asilimia 8.1. Wengi walishtuka, kwa sababu hadi wakati huo kunyoosha kulihesabiwa kuwa ni faida tupu.

Miaka miwili baadaye, nchini Kanada, Fowles na wenzake walikwenda mbali zaidi. Waliunyoosha msuli wa shavu la mguu mara 13, kila mara sekunde 135, jumla karibu nusu saa. Nguvu zilishuka kwa asilimia 28 papo hapo. Baada ya saa nzima bado zilikuwa chini kwa asilimia 9. Hakuna mchezaji anayenyoosha msuli mmoja nusu saa kabla ya mechi, lakini utafiti huo ulionyesha wazi kwamba muda wa kushikilia ndio wenye maneno.

Tafiti zikawa nyingi, mpaka ikabidi zijumlishwe. Mwaka wa 2013, Simic na wenzake waliweka pamoja tafiti 104. Kwa wastani, kunyoosha kwa kutulia kulipunguza nguvu kwa asilimia 5.4, na nguvu za ghafla kwa takriban asilimia 2. Hasara ilikuwa ndogo zaidi pale msuli uliponyooshwa kwa sekunde 45 au chini ya hapo.

Mwaka wa 2016 ukatoka muhtasari mwingine mkubwa, wa David Behm na wenzake. Huo ndio unaomfaa zaidi kocha wa mtaani, kwa sababu umetenganisha vipimo. Msuli ulionyooshwa chini ya sekunde 60 kwa jumla ulipoteza asilimia 1.1 tu. Ulionyooshwa sekunde 60 au zaidi ulipoteza asilimia 4.6. Kunyoosha kwa kusaidiwa kulipunguza asilimia 4.4. Kunyoosha kwa mwendo, kinyume chake, kuliongeza uwezo kwa asilimia 1.3.

Sasa turudi kwenye lile duara letu. Sekunde thelathini mara tatu kwa mguu mmoja ni sekunde 90. Tumeshavuka mpaka.

Kwa nini nguvu zinapungua

Wataalamu wanataja sababu mbili kubwa, na zote mbili huenda zikafanya kazi kwa pamoja.

Ya kwanza iko kwenye mishipa ya fahamu. Msuli haujiendeshi wenyewe. Hungoja amri kutoka kwenye ubongo na uti wa mgongo. Baada ya kuvutwa na kushikiliwa kwa muda, amri hiyo hufika ikiwa dhaifu kidogo, na baadhi ya nyuzi za msuli haziitiki kama ilivyo kawaida. Mtu mwenyewe hajui. Anaona amesukuma kwa nguvu zake zote, kumbe zimetoka pungufu.

Ya pili ni ya kimaumbile. Msuli umeungwa na mfupa kwa kano, na kano hufanya kazi ya kupitisha nguvu. Fikiria kamba ya tanga. Kamba ikiwa imekaza, upepo ukipiga chombo kinakwenda hapo hapo. Kamba ikiwa imelegea, upepo lazima kwanza uimalize ile nafasi iliyolegea. Msuli na kano zilizovutwa sana hulegea kwa muda namna hiyo, na nguvu inachelewa kufika kwenye mfupa. Kwa mwenye kunyanyua gunia polepole, kuchelewa huko si kitu. Kwa mwenye kuruka, nafasi imeshapita.

Hali hii si ya kudumu. Msuli hauharibiki, na kwa kunyoosha kwa kawaida nguvu hurudi baada ya dakika kadhaa, hasa mtu akiendelea kutembea na kukimbia. Kwa hivyo swali la kujiuliza ni muda gani uliopita tangu uliponyoosha, na ulifanya nini katikati.

Asilimia mbili ni kitu gani?

Kuna watakaosema asilimia mbili ni ndogo, haina haja ya kelele. Inategemea unafanya nini.

Kwa mama anayetembea asubuhi pale Mama Ngina, au mzee anayefanya mazoezi ya kupunguza sukari, asilimia mbili haina maana yoyote. Anyooshe atakavyo, bora mwili unasogea.

Kwa anayeshindana, hesabu ni nyingine. Katika fainali ya mita 100 ya Olimpiki ya Paris mwaka wa 2024, Noah Lyles wa Marekani na Kishane Thompson wa Jamaica wote waliandikiwa sekunde 9.79, na ilibidi picha ichunguzwe hadi elfu za sekunde ili mshindi ajulikane. Mtu wa nane na wa mwisho alimaliza kwa sekunde 9.91. Kutoka dhahabu hadi mkia ni sekunde 0.12, yaani kama asilimia 1.2 ya muda wa mshindi. Ferdinand Omanyala wetu alipoweka rekodi ya Afrika ya sekunde 9.77 pale Kasarani mwaka wa 2021, aliweka alama ambayo asilimia moja tu ingeipeleka hadi 9.87.

Kwenye kandanda ni hivyo hivyo. Kijana anayeruka sentimita 50 akipoteza asilimia mbili, amepoteza sentimita moja. Waulize makipa ni mipira mingapi imewapita kwa urefu wa kucha. Haba na haba hujaza kibaba, na haba na haba pia hukitoboa.

Majeraha: kinga iko wapi?

Hapa ndipo kocha anaponiambia, "Sawa, nguvu ipungue kidogo, bora kijana asiumie." Ingekuwa biashara nzuri kama bidhaa ingekuwapo.

Mwaka wa 2000 nchini Australia, Rodney Pope na wenzake waliwafuata makurutu 1,538 wa jeshi kwa majuma 12 ya mafunzo. Makurutu waligawanywa kwa kura katika makundi mawili. Wote walijipasha mwili moto, lakini kundi moja liliongezewa kunyoosha misuli ya miguu kwa kutulia. Mwisho wa mafunzo, majeraha ya miguu yalikuwa 158 kwa walionyoosha na 175 kwa wasionyoosha. Kwa idadi ya watu wale, tofauti hiyo ni ndogo mno kuweza kuitwa faida. Kilichotofautisha waliojeruhiwa na wasiojeruhiwa ni hali ya mwili: waliokuja wakiwa hawana mazoezi ndio walioumia zaidi.

Kusema kweli, jambo hili lina upande wa pili. Baadhi ya tafiti zinaonyesha kuwa kunyoosha huenda kukapunguza kidogo kuchanika kwa misuli kwenyewe, hasa katika michezo ya kukimbia kwa kasi. Lakini hakuzuii majeraha ya magoti, vifundo na mifupa, ambayo ndiyo yanayowaondoa vijana wengi uwanjani.

Sasa tazama upande mwingine. Mpango unaoitwa FIFA 11+ uliandaliwa na wataalamu wa tiba wa FIFA wakishirikiana na vituo vya utafiti, kikiwemo cha Oslo, Norway. Una mazoezi 15 na unachukua dakika 20. Sehemu ya kwanza ni mbio za pole zenye mwendo wa viungo. Ya pili ni ya kujenga nguvu, kuruka na kusimama kwa mizani. Ya tatu ni mbio za kasi. Kushikilia msuli na kuhesabu hadi thelathini hakumo. Mwaka wa 2008, ulipojaribiwa kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17 nchini Norway, majeraha makubwa yalipungua kwa karibu nusu katika timu zilizoufuata.

Kuna zoezi moja ndani ya mpango huo ambalo ningependa kila timu ya Pwani ilijue, kwa sababu halihitaji hata shilingi. Kijana anapiga magoti, mwenzake anamshikilia vifundo vya miguu kwa nyuma. Mwili ukiwa umenyooka kutoka magotini hadi kichwani, anashuka mbele polepole, akijizuia kwa misuli ya nyuma ya paja, hadi nguvu zinapomwishia, kisha anajipokea kwa mikono. Mwaka wa 2011 nchini Denmark, zoezi hili lilijaribiwa kwa wachezaji 942. Timu zilizolifanya zilipata majeraha ya nyuma ya paja 15. Timu ambazo hazikulifanya zilipata 52.

Yaani kinachokinga ni msuli wenye nguvu, uliozoeshwa kubeba mzigo ukiwa umenyooka. Msuli uliovutwa dakika tano kabla ya mechi haujajifunza kubeba chochote.

Na maumivu ya kesho yake?

Wengi hunyoosha kwa kuamini kuwa kesho hawataamka wakiwa na maumivu. Muhtasari wa Herbert na wenzake wa mwaka wa 2011, uliotolewa na shirika la Cochrane, ulikuta kwamba kwenye kipimo cha maumivu cha pointi 100, kunyoosha kabla ya mazoezi kulipunguza maumivu ya siku ya pili kwa nusu pointi, na kunyoosha baada ya mazoezi kwa pointi moja. Hakuna anayeweza kuhisi tofauti hiyo. Maumivu hayo hutokana na misuli kufanya kazi isiyoizoea, na dawa yake ni kuongeza mazoezi kidogo kidogo.

Joto ndilo jambo

Kinachouandaa mwili kwa kazi ya nguvu ni joto la msuli wenyewe. Msuli wenye joto hujikunja haraka zaidi, na amri za mishipa ya fahamu hupita kwa kasi. Joto la msuli likipanda nyuzi moja, uwezo wa kukimbia kwa kasi na kuruka hupanda kwa takriban asilimia 2 hadi 5. Na joto hilo huja kwa kufanya kazi. Ukikaa chini na kushika vidole, msuli haupati joto. Kama ulikuwa umeshaanza kupata, unapoa.

Hapa kwetu watu husema, "Mombasa jua lenyewe latosha." Jua la Machi linapasha ngozi na kukutoa jasho, lakini halimwamshi mtu misuli ya miguu. Kwenye joto kali yafaa kufupisha kujipasha, kukaa kivulini na kunywa maji, ila si kuacha kabisa. Na zile mechi za usiku wa Ramadhani baada ya taraweh zinahitaji uangalifu zaidi. Mchezaji ameshinda na swaumu, ametoka kula, na hewa imepoa. Aanze kwa kutembea na mbio za pole kabla ya kuombwa kasi.

Wakati wa mapumziko nao husahauliwa. Mwaka wa 2004, watafiti wa Denmark waliupima msuli wa paja wa wachezaji wa kandanda, wakakuta joto lake linashuka kwa karibu nyuzi mbili wakati wa mapumziko. Waliokaa kitako walianza kipindi cha pili wakiwa wazito. Waliofanya mazoezi mepesi dakika chache kabla ya kurudi hawakupoteza kasi. Mchezaji wa akiba aliyekaa benchi saa nzima, kisha akaitwa ghafla kukimbizana na winga, yuko kwenye hatari hiyo hiyo.

Mpangilio wa dakika ishirini

Huu ndio ninaoutumia na vijana wangu, nao unafuata yale yaliyotajwa hapo juu.

Dakika tano za kwanza ni mbio za pole kuzunguka nusu ya uwanja, za mbele, za nyuma na za ubavu. Pumzi ipande kidogo, lakini mtu aweze bado kuzungumza.

Dakika tano za pili ni kunyoosha kwa mwendo. Shika bega la mwenzako, upeleke mguu mbele na nyuma mara kumi, kisha ubavu kwa ubavu mara kumi. Hatua ndefu za kushuka hadi goti karibu liguse chini, mara tano kila mguu. Kuchuchumaa na kusimama mara kumi. Kuinua magoti, kisha kupiga visigino makalioni, mita 15 kwenda na kurudi.

Anayehisi msuli fulani umekaza, anyooshe huo kwa kutulia sekunde 15 hadi 30, mara moja, kisha aendelee. Sioni sababu ya kumkataza. Mwaka wa 2018, Blazevich na wenzake walijaribu jambo hili kwa wanaume 20 wa michezo ya timu. Kunyoosha kwa muda mfupi ndani ya kujipasha kamili hakukubadilisha mbio, kuruka wala kugeuka kwao, si kwa uzuri wala kwa ubaya. Lakini wenyewe walijiona wako tayari zaidi waliponyoosha. Imani hiyo nayo ina thamani yake, bora isile muda.

Dakika tano za tatu ni za nguvu na mizani: kusimama kwa mguu mmoja huku mnarushiana mpira, kuruka juu na kutua taratibu magoti yakiwa yamekunjika na hayaingii ndani, na lile zoezi la nyuma ya paja. Lile zoezi lifanywe siku za mazoezi, si siku ya mechi. Anayeanza afanye mara tatu hadi tano tu, maana siku mbili za mwanzo atalisikia.

Dakika tano za mwisho ni za kasi. Mbio fupi za mita 20 zikipanda kutoka nusu ya nguvu hadi karibu zote, kugeuka ghafla, kuruka kupiga kichwa, pasi za haraka. Kutoka hapo hadi firimbi pasipite zaidi ya dakika chache.

Kunyoosha kuna wakati wake

Nisieleweke vibaya. Sisemi kunyoosha kuachwe. Mwili usionyooka una taabu zake, na anayenyoosha mara kwa mara kwa majuma kadhaa huongeza upana wa mwendo wa viungo vyake. Mradi asifanye hivyo muda mchache kabla ya kushindana, hakumpunguzii nguvu. Wakati mzuri ni baada ya mazoezi, au jioni nyumbani mwili ukiwa bado una joto. Samaki mkunje angali mbichi: watoto wa miaka kumi na kidogo wakizoea mapema, wataendelea nao ukubwani.

Iko michezo ambayo haiwezekani bila kunyoosha hata siku ya mashindano. Mwenye karate au taekwondo lazima mguu ufike kichwani, na mwenye sarakasi lazima afunguke. Hao wanyooshe, lakini wafanye mapema, kisha wamalizie kwa dakika kadhaa za mwendo wa kasi kabla ya kuingia ulingoni.

Wazee na wenye kazi za kukaa nao wana faida ya kunyoosha taratibu, bila kuvuta hadi maumivu. Na mwenye msuli uliochanika asinyoosheshwe uwanjani na marafiki, kama ninavyoona wengi wakifanya, mmoja akimkanyaga na mwingine akimvuta mguu. Ukisikia mlio au mchomo wa ghafla nyuma ya paja au kwenye shavu la mguu, acha kucheza, weka barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, kisha umwone daktari au mtaalamu wa tiba ya viungo.

Kwa makocha wenzangu

Wengi wetu hatulipwi. Tunakutana na vijana mara mbili au tatu kwa juma, saa moja na nusu, kwenye uwanja tunaougombania na timu nyingine tatu. Ukitoa dakika 15 za kila siku kwa duara la kuhesabu hadi thelathini, kwa mazoezi matatu ya juma umetumia dakika 45. Kwa muda huo huo vijana wangeimarisha magoti na mapaja yao, na huko ndiko ushahidi wa kinga uliko.

Anzeni juma hili na mambo mawili tu. Punguzeni kushikilia msuli hadi chini ya sekunde 30, mara moja kwa kila mguu, tena katikati ya kujipasha na si mwisho wake. Kisha ongezeni lile zoezi la kupiga magoti na kushuka polepole, mara mbili kwa juma. Andikeni kwenye daftari nani ameumia, lini na wapi. Msimu ukimalizika, linganisheni na msimu uliopita. Daftari hilo litawaambia kuhusu vijana wenu wenyewe kuliko nitakavyoweza mimi kuandika hapa.